Siri ya Raia Mikononi mwa OCS

Katika Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, polisi hawawezi kulinda kila njia ya panya. Anayejua nani kavuka usiku ni mtu wa bodaboda na jirani. Ndiyo maana Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama ulioanzishwa Kenya mwaka 2013 kwa kuiga Tanzania, unalifaa sana eneo la Bukhayo, kaunti ya Busia. Lakini nguvu yake imo mikononi mwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Wapo wanaolalamika kwamba mpango huo unawageuza majirani kuwa wapelelezi. Hofu hiyo ina msingi: jina la mtoa habari likivuja hadi kwa mshukiwa, mtaa mzima hunyamaza. Hata hivyo, kuuvunja mpango hakumlindi yeyote. Sheria ya polisi ya 2011 inataka kamati za pamoja za polisi na wananchi. OCS anayeketi nazo, akatunza siri na kujibu hata malalamiko ya hongo kwenye vizuizi vya barabarani, ndiye atakayepigiwa simu mapema.