Mguu Usiouma kwa Sababu Hautembei

Mzee mmoja, fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuja kwenye kliniki ya kisukari ninakofanya kazi ya uuguzi. Nilimwamkia, nikamuuliza hali ya miguu. "Haiumi, mwanangu." Mkewe akadakia: "Itaumaje, na hatoki nje?"

Tukaanza kutaja alichoacha. Sala ya Ijumaa msikitini hajaenda tangu kabla ya Ramadhani. Soko la Mgandini anatuma mtoto. Cherehani ya kukanyaga amemwachia kijana wake, yeye anabaki kukata vitambaa na kutia vifungo kwa mkono. Lililomtia simanzi kuliko yote ni mazishi ya jirani yake: jeneza lilipoinuliwa, alibaki barazani peke yake, wenzake wakielekea makaburini.

"Nikifika nguzo ya tatu ya umeme, shavu la mguu linabana kama limefungwa kamba," alisema. "Nikisimama kidogo linaachia. Basi nikaona bora nikae."

Maumivu yanayokuja mtu akitembea, yakaisha dakika chache baada ya kusimama, ndiyo dalili inayojulikana zaidi ya ugonjwa wa ateri za miguu. Mafuta na chokaa hujijenga kwenye kuta za ateri, njia ya damu ikawa nyembamba. Mtu akikaa, damu kidogo inayopita inamtosha. Akitembea, misuli inadai zaidi na haipati. Tumbaku na kisukari ndivyo vichochezi vikubwa, pamoja na presha, lehemu na umri. Mwaka 2015 ilikadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni 230 duniani wanaishi nao, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Majumbani kwetu unaitwa uzee au baridi yabisi. Mtu anachuliwa, anakandwa kwa maji moto. Kwa mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, maji hayo humbabua asijue, na kidonda kwenye mguu usiopata damu hakiponi upesi.

Daktari hulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ikiwa ya mguu haifiki 0.9 ya ile ya mkono, ateri zimebanwa. Ni kipimo kizuri, ingawa kwa baadhi ya wenye kisukari mishipa huwa migumu na namba ikadanganya, hivyo hupimwa kidole gumba cha mguu. Lakini namba haisemi mtu anaishije. Wawili wenye kipimo kilekile, mmoja bado anauza samaki, mwingine hajavuka kizingiti mwezi mzima. Ndiyo maana mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walitoa dodoso la maswali 25 kwa wagonjwa hawa, linalogusa maumivu na dalili nyingine, shughuli za kila siku, maisha na watu, na hali ya moyoni. Mimi huongeza ya kwetu: Unakwenda mazikoni? Choo cha kuchuchumaa unakiweza? Nani anakwenda sokoni?

Fundi aliogopa kwamba kutembea kutamharibu mguu. Kumbe kutembea ndiyo dawa yenyewe, kwa asiye na kidonda na ambaye daktari amemruhusu. Mtu hutembea mpaka maumivu yawe ya wastani, husimama yapoe, huendelea. Dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Tulimpangia kwa nguzo zake za umeme, mkewe akimfuata na kigoda. Sigara aliacha. Vidonge vya lehemu na vya kuzuia damu isigande anameza, maana ateri za moyo na ubongo huziba kwa namna hiyohiyo, na wagonjwa hawa hufa zaidi kwa moyo na kiharusi kuliko kwa mguu. Siku hizi anafika msikitini kwa kupumzika mara moja njiani. Taratibu, lakini anafika.

Wengine huja wamechelewa. Bibi mmoja muuza vitumbua alikuwa akilala kitini, miguu ikining'inia, na bintiye akadhani ni mazoea tu. Mguu unaouma usiku kitandani na kutulia ukiteremshwa unaomba damu. Huyo ni wa kupelekwa hospitali bila kungoja. Mguu uliopoa na kupauka ghafla ni wa saa hiyohiyo.

Kukatwa si jibu pekee. Januari 1964, huko Portland, Marekani, Dk. Charles Dotter alipanua ateri ya bibi wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu, kwa mirija iliyopitishwa ndani ya mshipa. Bibi yule alitembea kwa miguu yake mpaka alipofariki, zaidi ya miaka miwili baadaye. Leo hutumika puto dogo.

Muuza vitumbua wetu alirudi kutoka rufaa amepoteza kidole kimoja, mguu anao. Aliniuliza kwanza lini atarudi jikoni. Nikamwambia kidonda kifunge kwanza, avae viatu vya kufunika vidole, na mjukuu amkague nyayo kila jioni.