Maji ya kisima, meno ya kahawia na mkaa wa mifupa

Kama umehamia Syokimau, Mlolongo au Athi River, huenda maji ya ploti yenu yanatoka kisimani. Yanang'aa, hayanuki, labda yana chumvi kidogo. Unachemsha au unatia klorini, unakunywa. Vijidudu vimekufa, poa. Lakini kuna kitu ambacho moto hauondoi: floraidi.

Hii hutoka kwenye miamba ya volkeno, na visima vingi vya upande huu na Nairobi vinayo. Kidogo hulinda meno. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, meno ya mtoto ambayo bado yanajijenga ndani ya ufizi yanaweza kuota na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia. Tena ukichemsha mno unaharibu zaidi: maji yanaondoka na mvuke, floraidi inabaki sufuriani.

Wewe meno yako yameshaota. Mdogo wako wa miaka mitatu je?

Dawa mojawapo ni mifupa ya ng'ombe. Usikunje uso! Huchomwa kwa nyuzi 400 hadi 500 hivi, bila hewa nyingi, kisha husagwa kuwa chenga. Mkaa huo umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukizitandaza kuta za vitundu vya gramu moja tu, unapata karibu mita 100 za mraba, yaani bedsita nne hivi. Kuta hizo ndizo hunasa floraidi maji yakipita. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imetengeneza vichujio vya aina hii, na Tanzania kuna kituo cha utafiti Ngurdoto, Arusha. Athi River nako, penye kichinjio cha Kenya Meat Commission, mifupa haiwezi kuwa haba.

Shida ni kwamba bedsita hujaa. Zikishapata wapangaji, floraidi mpya inapita tu, na maji yanatoka na ladha ileile, rangi ileile. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Kile kichujio cha mkaa wa kawaida cha supamaketi nacho ni kizuri kwa harufu na klorini, lakini kwa floraidi usikitegemee.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, mwombe msimamizi wa ploti matokeo ya maabara ya kisima. Hana? Peleka chupa yako ipimwe. Ukinunua kichujio cha mifupa, uliza mkaa utabadilishwa lini. Na muuzaji akikuapia kwamba chake hakibadilishwi kamwe, muulize floraidi yote hiyo inaenda wapi.