Mfungwa wa Bedford na Funguo Mbili

Sogeeni karibu, wanangu. Leo hatumfuati Sungura wala Abunuwasi. Hadithi ya leo ni ya mtu aliyeishi kweli na kufungwa kweli, na kitabu chake kinasomwa mpaka sasa. Tena ni hadithi ya jela ya ajabu, kwa sababu mfungwa wake angeweza kutoka siku yoyote aliyotaka, naye akakaa humo miaka 12.

Jina lake John Bunyan. Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba sufuria zilizotoboka. Ilikuwa kazi ya halali, lakini watu wa zamani zile waliidharau. John alipelekwa shule akajifunza kusoma na kuandika, kisha akarudi nyumbani kushika nyundo. Fuawe lenye jina lake na mwaka 1647 limehifadhiwa hadi leo.

Msidhani alikuwa mtoto mpole. Alipenda michezo, ngoma na kugonga kengele za kanisa, na kwa matusi hakuwa na mshindani. Siku moja mwanamke mmoja, ambaye yeye mwenyewe hakuwa na sifa njema mjini, alimsikia akitukana, akamwambia kwamba atawaharibu vijana wote wa mji. Bunyan aliinamisha kichwa. Kukemewa na mchungaji angeweza kuvumilia, lakini kukemewa na yule!

Mwaka 1644 ulikuwa mchungu kwake. Mwezi Juni alifiwa na mama, Julai akafiwa na dada, na Agosti baba yake akaoa tena. Wakati huo Waingereza walikuwa wakipigana wao kwa wao, jeshi la Mfalme Charles wa Kwanza na jeshi la Bunge. Kijana huyu akawa askari upande wa Bunge. Siku moja alipangiwa kwenda vitani, na mwenzake akaomba aende badala yake. Yule mwenzake alipigwa risasi ya kichwa akiwa zamu, akafa. Maisha yake yote Bunyan aliendelea kujiuliza kwa nini hakufa yeye.

Aliporudi kutoka jeshini akaoa. Bwana na bibi harusi hawakuwa na hata sahani au kijiko, lakini bibi harusi alileta vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Wakavisoma pamoja. Mtoto wao wa kwanza, Mary, alizaliwa kipofu.

Basi siku moja fundi wetu alikuwa Bedford kwa kazi zake, akawaona akina mama watatu au wanne, maskini, wameketi mlangoni wakiota jua na kuzungumza habari za Mungu. Akasogea asikilize. Siku hizo alijiona mjuzi wa dini, lakini akina mama wale walizungumza kwa furaha ambayo yeye hakuwa nayo. Akarudi kwao tena na tena, mpaka akaingia katika kanisa lao dogo. Baadaye akaanza kuhubiri, na watu wakatoka mbali kumsikiliza fundi wa sufuria.

Mwaka 1660 mambo yakageuka. Mfalme Charles wa Pili alirudishwa kwenye kiti cha enzi, na watawala wakaogopa mikutano ya dini iliyofanywa nje ya kanisa la serikali. Waliona kwamba watu wakikusanyika bila ruhusa, leo watasali na kesho wataasi. Mwezi Novemba Bunyan alialikwa kuhubiri katika nyumba moja kijijini. Kabla hajaanza akapewa habari kwamba hakimu, Bwana Francis Wingate, ametoa amri akamatwe. Rafiki zake wakamsihi aondoke. Akatoka peke yake, akatembea akiwaza: nikikimbia mimi ninayewahubiria, hawa walioamini juzi watafanya nini? Akarudi ndani, akafungua Biblia. Askari wakamkuta hapo.

Sasa sikilizeni vizuri. Waliomkamata hawakutaka kumweka ndani miaka mingi. Walimwambia aahidi jambo moja tu, kwamba hatahubiri tena, aende nyumbani kwake. Huo ndio ufunguo wa kwanza, na ulikuwa mdomoni mwake mwenyewe. Bunyan akajibu kwamba wakimtoa leo, kesho atahubiri. Wakamfungia.

Mtaniuliza, na watoto wake je? Hilo ndilo lililomuuma. Mke wa kwanza alikuwa amefariki, akaacha watoto wanne. Bunyan alikuwa amemwoa Elizabeth mwaka mmoja tu kabla ya kukamatwa. Elizabeth alikuwa mjamzito, na habari za jela zilipomfikia, akashikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya wakati, na mtoto akafa. Bunyan ameandika kwamba aliyemtia uchungu kuliko wote alikuwa yule binti kipofu, kwani hakuweza kustahimili kufikiri kwamba mtoto huyo angeombaomba na kupigwa na baridi.

Elizabeth hakukaa nyumbani kulia. Mwaka 1661 alisimama mbele ya majaji waliofika Bedford, mwanamke kijana, maskini, hana wakili. Wakamuuliza kama mumewe ataacha kuhubiri. Akasema hataacha maadamu anaweza kusema. Jaji mmoja akamdharau mumewe kuwa fundi wa sufuria tu. Elizabeth akajibu kwamba ndiyo sababu hasa hapati haki, kwa kuwa ni fundi na ni maskini. Jaji Matthew Hale alimhurumia, lakini hakumfungulia mumewe.

Ndani ya jela Bunyan alifanya kazi. Alitengeneza kamba za kufungia nguo na viatu, mamia kwa mamia, akiziwekea ncha za chuma ili ziuzwe na watoto wapate chakula. Kuna nyakati mlinzi wa jela alimruhusu atoke kidogo, na nyakati nyingine akabanwa kabisa. Alikuwa na Biblia, na kitabu cha habari za Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Akaanza kuandika. Mwaka 1666 kikatoka kitabu kinachosimulia maisha yake mwenyewe. Alifunguliwa mwaka 1672, akawa mchungaji wa kanisa lake, kisha akafungwa tena miezi michache.

Kitabu kilichoanza kuandikwa wakati wa kifungo ndicho kilichomfanya ajulikane duniani. Kilitolewa mwaka 1678 na mchapishaji wa London, Nathaniel Ponder. Kwa Kiswahili tunakiita Safari ya Msafiri. Ni hadithi ya mafumbo. Mtu mmoja, jina lake Mkristo, ana mzigo mgongoni, anaukimbia mji utakaoangamia na kuelekea Mji wa Mbinguni. Njiani anazama katika matope, anapigana na zimwi, anapita sokoni ambako kila kitu kinauzwa, hata heshima na nafsi za watu. Rafiki yake Mwaminifu anauawa katika soko hilo.

Kisha Mkristo na mwenzake mwingine, Tumaini, wanapotea njia. Wanakamatwa na jitu liitwalo Kukata Tamaa, linawatupa gizani katika ngome yake ya Shaka, linawachapa na kuwashauri wajiue. Siku zinapita. Usiku mmoja Mkristo anashtuka na kujiita mpumbavu, kwa kuwa anao ufunguo kifuani tangu mwanzo, na jina lake ni Ahadi. Anaujaribu mlangoni, mlango unafunguka. Lango la nje ni gumu, lakini nalo linakubali.

Mnaona, wanangu? Mfungwa mwenye ufunguo wa kwanza, aliyekataa kuutumia, ndiye aliyetunga ufunguo wa pili. Wa kwanza ulikuwa ahadi ambayo Bwana Wingate alitaka kutoka kwake. Wa pili ni ahadi ambayo yeye aliamini Mungu amempa. Asingeweza kushika zote mbili, kwa hiyo akachagua.

Kitabu kilipendwa upesi, hata kabla ya kifo chake kikachapishwa mara 11. Wasomi wengine walikicheka, lakini watu wa kawaida walijisikia wenyewe ndani yake, kwa maana Bunyan aliandika kama watu wa kijijini kwake walivyosema. Matope yake ni matope ya barabara alizopita na vyombo vyake vya kazi. Tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, na nyingi kati ya hizo ni za Afrika. Kule Madagaska, Malkia Ranavalona wa Kwanza alipowatesa Wakristo kuanzia mwaka 1835, waumini walikinakili kwa mkono na kukisoma mafichoni. Hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza maana ya jitu na ngome.

Bunyan mwenyewe alifariki London tarehe 31 Agosti 1688. Alikuwa ametoka kumpatanisha baba na mwanawe waliogombana, mvua ikamnyeshea njiani akiwa juu ya farasi, homa ikamshika. Alizikwa katika makaburi ya Bunhill Fields.

Na yule hakimu, Bwana Wingate? Siku zile alikuwa mkubwa na fundi alikuwa mdogo. Leo akitajwa, anatajwa kwa sababu moja tu: alimkamata John Bunyan.