Unauza difu mtandaoni? Ijue reshio yake kabla hujaposti

Wengi wetu tunaouza spea za magari ya zamani tunaandika tu "difu ya Hilux ipo, kali, njoo inboksi". Mteja yupo Mbeya, wewe upo Dar, mzigo ni wa chuma na nauli ya basi si ndogo. Ikifika na reshio siyo yenyewe, inarudi, na ubishi wa nani alipe nauli unaanza hapo.

Reshio ni nini? Ni mara ngapi propela inazunguka ili tairi izunguke mara moja. Inatokana na meno: krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, unagawanya, unapata 4.1. Meno 43 kwa 10 ni 4.3. Meno 41 kwa 9 ni 4.556. Namba ikiwa kubwa gari linavuta vizuri mlimani na mzigo, ila injini inapiga kelele barabara kuu. Chukua tairi ambalo likizunguka mara moja linakwenda mita 2. Kwenye kilomita 100 kwa saa, gia ya moja kwa moja, reshio 4.3 inataka injini izunguke kama mara 3,580 kwa dakika. Ya 3.9 inataka 3,250. Dereva wa safari ndefu anaisikia tofauti hiyo kwenye mafuta.

Sasa kuitambua. Kama difu ipo chini mezani, kazi ni rahisi. Weka alama ya chaki kwenye krauni, zungusha ile flenji inayofungwa propela, hesabu mpaka krauni imalize mizunguko 10. Ukipata 41, ni 4.1. Ukipata 43, ni 4.3. Usihesabu mzunguko mmoja halafu ukaandika "nne na kitu", maana hicho "kitu" ndicho mteja anachonunua.

Kama bado ipo kwenye gari, kuna mtego. Wengi wananyanyua tairi moja la nyuma, wanalizungusha mara moja, wanahesabu propela, wanapata mbili na kidogo, wanashangaa. Tairi la upande wa pili likiwa limesimama, difu ya kawaida inagawa mzunguko nusu kwa nusu. Kwa hiyo zungusha tairi mara 20, siyo 10, na propela itakupa 41 au 43 kama hapo juu. Gia iwe nyutro, handibreki chini, matairi mengine yazuiwe kwa mawe, gari likae kwenye stendi na siyo jeki peke yake. Tairi likigoma kuzunguka ujue difu huenda ni ya kubana (LSD). Hapo nyanyua matairi yote mawili ya nyuma, yatakwenda pamoja, hesabu mizunguko 10.

Kwa Toyota kuna pia kibati chenye taarifa za gari, na kodi ya ekseli imo humo. Piga picha, weka kwenye tangazo. Lakini gari la miaka 30 limepita kwa mafundi wangapi? Kibati kinasema lilivyotoka kiwandani. Mimi nahesabu hata kama kibati kipo.

Wateja wa 4WD waulize mara mbili. Difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane reshio. Zikitofautiana, akiweka 4WD kwenye lami kavu zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na kitakachovunjika ni bei mbaya.

Mteja anayebadilisha reshio kwa makusudi mwambie na habari ya spidi mita. Kwenye magari mengi ya zamani inasoma kutoka gia boksi, haijui kama difu imebadilika. Akitoka 4.3 kwenda 3.9, mshale ukisema 80 yeye yupo 88. Trafiki mwenye tochi hatasikiliza stori ya difu.

Krauni na pinioni usiziuze mojamoja hata mteja akibembeleza. Zimesagwa pamoja kiwandani. Ukizitenganisha zitalia na kulika. Na hata seti kamili inahitaji fundi wa kupima nafasi ya meno kwa shimu. Ndiyo maana napenda kuuza difu nzima: mteja anamwaga oili, anavuta shafti, anafungua propela, anabadilisha, anajaza oili ya GL-5.

Reshio peke yake haitoshi kuingia. Hesabu meno ya ndani yanayopokea shafti, boliti zinazoifunga kwenye ekseli, na umbali wa matundu ya flenji. Tangazo langu linakaa hivi: "Difu nzima ya Hilux, reshio 4.1 (41/10), imehesabiwa, video ipo. Meno ya shafti na matundu ya flenji angalia picha ya 3. Hesabu yako kwanza ndipo ulipie."