Kuvua Besi Penye Majani: Chura wa Mpira Amponya Chura Hai

Wazee wetu walisema kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Lakini mchukue mvuvi hodari wa Lamu au wa Vanga, umpandishe hadi Ziwa Naivasha, umwoneshe ukingo uliofunikwa na mafunjo na magugumaji. Nadhani atatikisa kichwa. Huku kwetu, penye majani tunatega dema, tukamngojea tafi aingie mwenyewe. Mshipi huogopwa hapo, kwani ndoana hunasa majani kabla haijanasa samaki.

Hata hivyo, yuko samaki atafutwaye papo hapo majanini, na kwa mshipi. Naye ni black bass, ambaye hapa nitamwita besi. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wapenda mchezo wa kuvua. Mdomo wake ni mpana ajabu. Taya lake hupita nyuma ya jicho. Yeye si mkimbizaji kama nguru, bali ni mviziaji. Hujibanza kivulini chini ya majani, akingojea samaki mdogo, chura, au kamba wa maji baridi, ambaye naye ni mgeni aliyetiwa ziwani mwaka 1970. Magugumaji yalipoingia Naivasha mwaka 1988, wavuvi walipata taabu, lakini mviziaji huyu aliongezewa maficho.

Hapa pana jambo ambalo sisi Waislamu hatuwezi kulipita. Wavuvi wengi duniani humpenda chura hai awe chambo cha besi. Nasi tunayo hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza chura asiuawe. Ikiwa kwa dawa amekatazwa, itakuwaje kumtunga kwenye ndoana? Ndiyo maana mimi nakisifu kile chambo cha bandia ambacho wengine hukidhani mchezo wa watoto: chura wa mpira.

Chura huyu ni mtupu ndani, naye huelea. Ana ndoana mbili zilizogeuzwa juu, zikalala zimebana mgongoni mwake, hata akipita juu ya majani hazishiki kitu. Besi akimbana kwa kinywa, mwili hubonyea na ncha zikatokeza. Namna ya kumtumia ni hii. Mtupe mbali, juu kabisa ya majani. Mvute kwa vishindo vidogo, kama anayerukaruka. Akifika penye mwanya wa maji, msimamishe. Mara nyingi hapo ndipo besi hupasua maji kwa kishindo.

Basi na hapo ndipo vijana huharibu. Wakisikia kishindo huvuta papo hapo, chura akarudi mikononi mwao bila samaki. Ngoja kidogo, hesabu moja, mbili, mpaka uusikie uzito. Kisha vuta kwa nguvu na umwinue kichwa mara moja, usimpe nafasi ya kuzama na kujizungusha majanini. Kwa sababu hiyo ufito uwe mgumu, na uzi uwe wa kusukwa, wa nguvu ya ratili 50 hadi 65. Uzi wa nailoni hunyumbuka mno, lakini wa kusukwa hukata majani kama msumeno.

Jua likiwa kali, besi hukataa kupanda juu. Hapo chukua mnyoo wa plastiki, uutunge kwenye ndoana, kisha ncha uirudishe ndani ya mwili wake isishike majani. Mbele yake weka chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki. Majani yakiwa machache, chubwi dogo latosha. Yakiwa tandiko zima, tumia la wakia moja au zaidi, litoboe na kuzama. Likishazama, litikise mara mbili tatu tu, ukiangalia uzi. Ukienda upande ghafla, vuta.

Wako watu huuliza kama besi ni halali. Ni samaki kama samaki wengine, na wanavyuoni wameieleza aya ya 96 ya Surat al-Maida, juu ya windo la bahari, kuwa yaingiza maji baridi pia. Jambo linalonitia shaka mimi ni mtindo wa kumtoboa samaki mdomo kwa kupigia picha tu, kisha akarudishwa majini, akavuliwa tena kesho. Kiumbe chenye roho si cha kuchezea. Aliye mchanga mrudishe upesi, akue. Aliyekomaa mpeleke jikoni.

Atakaye kwenda ajue kwamba siku hizi Naivasha karpi ndiye amezidi, na besi ataka subira. Akate leseni kwanza. Asisimame peke yake penye mafunjo asubuhi na jioni, kwani kiboko naye hupenda maficho yale, na amekwisha kuua wavuvi wengi. Akimpata besi wake, ampake chumvi, ndimu na pilipili, amchome kidogo, kisha amtie katika tui zito. Nyama yake ni nyeupe na imara, na waliozoea changu hawatamkataa.