Ndigana Kali: Kwa Nini Ng'ombe Aliyepona Haugui Tena?



Ng'ombe wa gredi aliyenunuliwa kwa mchango wa kikundi akifa, kinachopotea si ng'ombe tu. Ni karo ya watoto, ni maziwa ya nyumbani, na mara nyingine ni umoja wa wanachama, kwa maana maneno huanza: nani hakumpeleka josho? Ugonjwa mmoja unaotuletea msiba huu ni ndigana kali, ambao Wamaasai huuita oltikana na maofisa wa mifugo huuita ECF. Leo tueleze vile mwili wa ng'ombe unavyopigana nao.

Kijidudu chake kinaitwa Theileria parva. Hubebwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa sikioni. Kupe mchanga hukinyonya kwa ng'ombe mmoja, na akishakua hatua inayofuata hukipeleka kwa mwingine. Lakini haambukizi saa ile ile anaposhika. Kwa kawaida kijidudu huhitaji siku 3 au 4 kukomaa ndani ya kupe anaponyonya. Ndiyo maana kuogesha mara kwa mara kunasaidia.

Mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Ubaya wa ndigana ni kwamba adui huingia ndani ya askari wenyewe! Akishaingia, huilazimisha chembe igawanyike, naye hugawanyika pamoja nayo. Hapo tezi iliyo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, na mwishowe mapafu hujaa maji na mnyama hushindwa kupumua.

Sasa, mwili utamjuaje adui aliyejificha? Tuchukue mfano wa nyumba. Mgeni amejificha chumbani, humwoni, lakini viatu vyake viko mlangoni. Kila chembe ina desturi ya kuweka nje, kwenye ngozi yake, vipande vidogo vya protini kutoka ndani. Chembe yenye kijidudu huonyesha pia vipande vya kijidudu. Kuna askari maalumu wanaopita wakikagua milango. Akiona kipande anachokijua kuwa si cha mwili, askari huyo huiua chembe nzima pamoja na aliye ndani.

Shida ni wakati. Kila askari anajua aina moja tu ya kipande. Mara ya kwanza wanaokijua ni wachache, na kabla hawajaongezeka, adui ameshazaana. Hivyo wengi hufa. Lakini ng'ombe akipona, baadhi ya askari hao hubaki wakikumbuka. Adui akirudi, hukuta walinzi tayari.

Chanjo iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970, inafuata njia hiyo hiyo. Ng'ombe hudungwa vijidudu hai, na siku hiyo hiyo hupewa sindano ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Dawa hupunguza nguvu za adui, nao askari wanapata nafasi ya kujifunza. Ndani ya chanjo kuna aina 3 za kijidudu zilizochanganywa, kwa sababu vipande vya aina moja si lazima vifanane na vya nyingine.

Tafadhali mkumbuke mambo haya:

1. Chanjo hii huwekwa kwenye baridi kali sana ya naitrojeni. Lazima itolewe na daktari wa mifugo aliyefunzwa. Usijaribu mwenyewe.

2. Haizuii magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi. Kwa hivyo msiache kuogesha.

3. Mnapolisha pamoja na nyati, hatari bado iko, maana vijidudu vya nyati vinaweza kuipita kinga hii.

4. Ukiona tezi imevimba chini ya sikio na mnyama ana homa, usingoje kesho. Dawa ya buparvakwoni hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Mapafu yakishajaa maji, mara nyingi ni pesa tu zinapotea.

Tunashauri kila kikundi kizungumze habari hii kwenye mkutano ujao. Mwiteni daktari wa mifugo, mwulizeni bei, na mpange kuchanja kwa pamoja, kwani chupa moja huchanja ng'ombe wengi na mtu mmoja peke yake huenda asiiweze gharama. Kinga ni bora kuliko tiba.