Mshono wa Kinywani Usimtoze Mgonjwa Nauli ya Pili

Mgonjwa aliyepasuliwa ufizi ili gego la mwisho litolewe huondoka kliniki ya kinywa na meno na maagizo yake: asisukutue kwa nguvu siku hiyo, asivute sigara, ale vyakula laini, na arudi baada ya wiki moja kutolewa nyuzi. Agizo hilo la mwisho ndilo la kutazamwa upya, kwa sababu mara nyingi linatokana na uzi, wala si kidonda. Ufizi una damu nyingi na huunga upesi kuliko ngozi ya mguu au mgongo; baada ya siku tano hadi saba, kwa kawaida kingo zake zimeshashikana. Kinachobaki hapo ni hariri nyeusi isiyoyeyuka, ambayo lazima mtu aikate kwa mkasi na kuivuta. Kwa vidonda vingi vya ndani ya kinywa, naona uzi unaoyeyuka haraka ndio ungekuwa chaguo la kwanza, na anayetaka kutumia hariri awe na sababu.

Heshima ya hariri haikuja bure. Ni laini, ncha zake hazimchomi mgonjwa ulimi, fundo lake likikazwa halilegei ovyo, na weusi wake huonekana vizuri kati ya damu na mate. Daktari anayeshona nyuma kabisa ya taya, mahali ambapo hata koleo la sindano hupita kwa taabu, ana haki ya kuupenda uzi unaomtii mkononi. Lakini hariri hiyo imesukwa kwa nyuzinyuzi nyingi, na mianya iliyo kati yake hupandisha mate kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Mate hayo hubeba bakteria hadi ndani ya tundu lililopitiwa na sindano. Tangu miaka ya 1960 uchunguzi wa tishu za kinywa umeonyesha kuwa nyuzi za kusukwa huchochea uvimbe zaidi kuliko uzi wa unyuzi mmoja kama nailoni. Hata hivyo ushahidi huo usitwishwe mzigo usioubeba. Tishu kuvimba kidogo chini ya hadubini si sawa na mgonjwa kutunga usaha, na wagonjwa wengi walioshonwa kwa hariri hupona bila tatizo lolote. Shida kubwa ya hariri haiko katika wiki ya kwanza. Huanza pale mgonjwa asiporudi.

Na kutorudi kuna sababu zake. Mtu wa Ukerewe aliyepewa rufaa hadi Mwanza hupanda kivuko Nansio, hulipa nauli, hutafuta pa kulala, hupoteza siku za kazi, kisha hutakiwa kuyarudia yote kwa shughuli ya dakika chache. Akiamua kwamba kidonda kimepona, mara nyingi hajakosea. Kimepona kweli, ila uzi bado upo. Mabaki ya chakula hunasa kwenye fundo, ufizi hutoa damu ukiguswa na mswaki, nyama huanza kuufunika uzi, na mara nyingine kijipu huota palepale.

Wapo watakaosema kwamba hata nyuzi zinazoyeyuka zina matatizo, na ni kweli. Uzi wa utumbo, unaotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe, hulegea mapema mno kinywani usipotiwa kromu, na Ulaya iliachana nao mwaka 2001 kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe. Poliglaktini ya kawaida, iliyoingia sokoni miaka ya 1970, huvunjwa taratibu na maji ya mwilini. Baada ya wiki mbili bado ina takribani robo tatu ya nguvu yake, muda mrefu kuliko ufizi unavyohitaji, na kwa kuwa nayo imesukwa, hunyonya mate vilevile. Ndiyo maana nasisitiza neno haraka. Ipo poliglaktini ya kuyeyuka upesi, ambayo hupoteza nusu ya nguvu kwa siku tano hivi na kuisha nguvu kabisa kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Muda huo unakaribiana na mwendo wa ufizi wenyewe kupona.

Pingamizi zito zaidi ni bei, kwani pakiti ya hariri ni nafuu na stoo ya hospitali huhesabu pakiti. Hesabu hiyo ina pengo. Kutoa nyuzi kunahitaji glavu, vifaa vilivyotakaswa, kiti na muda wa mtaalamu ambaye foleni inamsubiri nje, na nauli ya mgonjwa haiandikwi kwenye daftari lolote la hospitali. Wengine husema siku ya kutoa nyuzi humpa daktari nafasi ya kukagua kidonda. Ukaguzi ni jambo jema, hasa kwa mwenye kisukari au aliyevunjika taya, na mgonjwa wa namna hiyo aambiwe arudi hata kama nyuzi zake zinayeyuka. Wa kawaida aelezwe dalili za kumrudisha upesi: maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu, homa, usaha, au kinywa kushindwa kufunguka.

Uzi usioyeyuka bado una mahali pake. Penye kipandikizi au mfupa uliojazwa, ambapo ufizi lazima ukae umefungwa kwa wiki mbili au zaidi, uzi laini wa unyuzi mmoja usionyonya mate ndio unaofaa. Na mdomo uliopasuka hadi nje hushonwa kwa tabaka: ndani na kwenye msuli, uzi wa kuyeyuka, juu ya ngozi, nailoni nyembamba ya 5-0 au 6-0. Nailoni hiyo hutolewa baada ya siku tano hivi ili isiache alama usoni, na kwa mgonjwa huyo tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi kabla hajashuka kitini.